Fundi wa vitanda aliyetutengenezea gitaa la kwaya, Tabora

Nianze na hela, maana mimi ndiye mweka hazina. Kwaya yetu ina magitaa makavu mawili, yaani yasiyo ya umeme, na yote yaliharibika kiangazi kilichopita. Duka la mjini lilitaka shilingi 190,000 kwa gitaa jipya la Kichina. Mfanyabiashara wa Kariakoo alitutajia 480,000 kwa Yamaha F310, usafiri wa mzigo juu yetu. Fundi seremala mmoja wa upande wa Ipuli, ambaye kazi yake hasa ni vitanda na milango, alisema 55,000 kwa gitaa moja, gundi tujitafutie, na la pili akatuambia tusipoteze hela. Tukaenda kwa fundi. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hataki, anasema akijulikana kwa magitaa watu wa vitanda watamkimbia. Ninachoandika hapa ni tathmini ya kazi yake, na ya lile duka pia, kwa ajili ya yeyote huku kwetu mwenye gitaa lililovunjika na hajui alitengeneze au anunue jingine.

Gitaa la kwanza ni Yamaha ya nyuzi za chuma, ya siku nyingi, rangi imeshalika pale mkono unapoegemea. Lilirudi kutoka Nzega likiwa limelazwa kwenye buti la basi, chini ya magunia ya watu. Basi gani, nalihifadhi. Kondakta alishaambiwa yake palepale stendi. Tulipofungua mfuko tukakuta kichwa cha gitaa kina ufa kwa nyuma, umeanzia chini kidogo ya pale nyuzi zinapoingia shingoni, ukapanda kwa mshazari kuelekea kwenye vikazio, vile vya kuzungusha kukaza nyuzi. Ukikisukuma kichwa kwa kidole gumba, ufa unaachama. Na daraja, kile kibao tumboni kinachoshika nyuzi, lilikuwa limeinuka upande wa nyuma. Karatasi ya daftari ilipita chini yake mpaka katikati.

Gitaa la pili ni la bei chee, la nyuzi za nailoni, tulipewa na mfadhili. Hili halikudondoshwa na mtu. Kijana wetu mmoja, ambaye mama yake anasoma huku kwa hiyo naye simtaji, aliona nailoni haisikiki kanisani, akazitoa akafunga nyuzi za chuma. Likatundikwa ukutani hivyo hivyo, limekazwa, chini ya bati. Kufika Oktoba uso, ule ubao wa mbele wenye tundu, ulikuwa umevimba nyuma ya daraja na shingo imevutwa mbele, kiasi kwamba kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiwaya vilivyokatiza shingo) kidole changu kidogo kiliingia chini ya nyuzi bila kuzigusa.

Nilikuwa sijui kwa nini jambo dogo hivyo lilete balaa kubwa hivyo, nikamuuliza mwalimu wetu wa kwaya. Akanieleza hivi. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida, zikikazwa mpaka kwenye sauti zake, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Za nailoni zinavuta karibu kilo 40. Gitaa la nailoni limejengwa kwa hizo 40: ndani lina mbavu nyembamba zilizotawanyika chini ya uso, na shingo yake kwa kawaida haina chuma ndani. La nyuzi za chuma lina mbavu nene mbili zinazokatana kwa umbo la X, mtindo ambao kampuni ya Martin ya Marekani iliutumia tangu karne ya 19, na shingoni linapitishiwa fimbo ya chuma unayoweza kuikaza au kuilegeza shingo ikipinda. Kwa hiyo kijana wetu alilibebesha gitaa la watu mzigo usio wake, usiku na mchana, kiangazi kizima.

Kikao kilikaa. Mwenyekiti alitaka tununue jipya, tena la kuchomeka kwenye spika. Mwalimu akataka Yamaha ile ile, anasema sauti yake imeshazoeana na akina mama wa sauti ya pili. Mzee mmoja wa sauti ya nne akasimama kutukumbusha kwamba mji huu ndio uliotoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na kwamba enzi hizo gitaa likivunjika lilipelekwa kwa seremala na Jumamosi likapigwa dansini. Alizungumza kwa muda mrefu. Mimi nilisema tu kwamba kisanduku kina 310,000, na kwamba Pasaka sare zinahitaji vitambaa.

Tulianza na duka. Mwalimu alichukua rula ya mwanawe, na nikamwona anatia aibu, mpaka alipoanza kuitumia. Muuzaji ni kijana mpole, akatushushia gitaa jipya linang'aa, akasema, "Mama, hii ni orijino." Mwalimu akaliweka magotini, akasimamisha rula kwenye freti ya 12 na kupima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi mnene. Milimita 5. Gitaa linalopigika vizuri, aliniambia, linataka kama 2 na nusu, isizidi 3. Ikiwa 5, vidole vya mwanafunzi vinaota malengelenge, halafu kila unapobonyeza uzi unauvuta mbali kiasi kwamba sauti inapanda juu ya ile unayoitaka. Akanionyesha. Aligusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, akaupiga, ukatoa mlio mwembamba wa kengele. Halafu akaubonyeza palepale akaupiga tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa kuwa moja. Hata mimi nisiyejua muziki nilisikia kwamba ya pili iko juu.

Kisha akapitisha kidole ubavuni mwa shingo, akanishika mkono nami nipitishe. Ncha za freti zinakwaruza. Sababu yake ni hewa yetu: ubao wa freti ukikauka unanywea kwa upana, lakini waya wa freti ni chuma, haunywei, kwa hiyo ncha zinachomoza. Gitaa likifungwa kiwandani penye unyevu, likapita Dar kwenye joto la pwani, likafika Tabora Septemba wakati midomo ya watu inapasuka, lazima lifanye hivyo. Vikazio navyo viwili vilikuwa vinazunguka bila kushika. Mwalimu akaninong'oneza, "Hili nalo tukilinunua, kabla halijapigwa linakwenda kwa fundi."

Hapo ndipo hesabu yangu ilipobadilika. Kushusha nyuzi, kupiga tupa ncha za freti na kubadilisha vikazio, fundi wa Ipuli alituambia baadaye kwamba angetutoza 30,000 bila vifaa. Kwa hiyo 190,000 ya dukani ni 220,000 na zaidi, na ukishazitoa bado una gitaa la plaiwudi laini lenye shingo usiyoijua tabia yake. Muuzaji simlaumu, yeye anauza kilicholetwa. Lakini mtu asikuambie kipya hakina matengenezo. Ile F310 ya Kariakoo sina neno nayo, ni gitaa zuri la kuanzia na linatoka kiwandani likiwa limerekebishwa. Hela ndiyo haikuwepo, na wazo la kuliweka tena kwenye buti la basi lilinitia kichefuchefu.

Sasa fundi.

Kibanda chake ni mabati matatu na turubai, mbao za mninga zimeegemezwa pande zote, na vumbi lake jekundu limetanda mpaka kwenye majani ya mwembe wa jirani. "Shikamoo fundi." "Marahaba mama, karibu, kaa kwenye hicho kitanda, hakijapata mwenyewe." Tukakaa. Hakuuliza tuna shilingi ngapi. Kwanza kabisa alilegeza nyuzi zote za Yamaha, moja moja, kidogo kidogo, akizunguka kutoka huku kwenda kule ili shingo isishtuke. Halafu akaanza kuligonga tumbo kwa kifundo cha kidole, taratibu, kila inchi, sikio limeinama. Mbavu ya ndani ikiwa imeachia, alisema, pale panalia kama debe. Akawasha tochi ya simu, akaishusha ndani ya tundu, akaingiza kijioo cha kinyozi na kukizungusha. Mbavu zote zilikuwa nzima. Akachukua karatasi, akaisukuma chini ya daraja, akaweka alama ya penseli ilipokomea.

Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya ule ufa wa kichwa: "Nani ameshatia supa glu hapa?" Hakuna aliyetia, ingawa kuna mtu wetu alishapendekeza skrubu mbili. Fundi akashusha pumzi. Ufa ukiwa mpya na msafi, na ukiwa umefuata nyuzinyuzi za mbao kwa mshazari, una eneo kubwa la kushikana na gundi, na ukifungwa vizuri pale panakuwa na nguvu sawa na mbao yenyewe au kuizidi. Supa glu inaingia kwenye vinyweleo vya mbao, inakauka ikiwa ngumu na ya kukatika, na baada ya hapo gundi ya mbao haina pa kushika. Skrubu inapasua. Kwa hiyo kama umevunja gitaa leo na bado hujaamua utalifanyaje, usilipake chochote. Lilegeze nyuzi, lifunge kitambaa, liache.

Suala la gundi lilinishangaza kwa sababu kibanda kizima kina madumu ya gundi nyeupe. Hakutaka hiyo. "Kitanda kimelala mama, gitaa linavuta saa zote." Gundi nyeupe ya kawaida ikivutwa mfululizo, hasa kwenye joto, inateleza kidogo kidogo, na daraja linaanza kusogea bila wewe kuona. Akataka ile ya njano ya mbao, inayokauka ngumu zaidi. Tuliipata Dar kupitia mpwa wa mwanakwaya mmoja, 18,000 chupa ndogo, ikaja na mtu aliyekuwa anapanda treni. Imebaki zaidi ya nusu. Nimeifungia kabatini na daftari la michango.

Kazi ya daraja niliishuhudia kwa sababu sikuwa na shughuli asubuhi ile na, niseme ukweli, kwa sababu nilitaka kuona hela yetu inafanya nini. Umeme ulikuwa umekatika. Akapuliza pasi ya mkaa mpaka ikashika, akakunja kitambaa kibichi mara kadhaa, akakilaza juu ya daraja, akaegemeza pasi. Mvuke ukatoka. Akiinua pasi, anapeleka kisu chembamba butu, nacho amekipasha moto, chini ya ule upande ulioinuka, anasukuma kidogo, anarudisha pasi. Hakuvuta hata mara moja. Nilitaka kumwambia aongeze nguvu, nikajizuia. Baada ya muda daraja likatoka zima, chini yake limebaki na nyuzinyuzi chache tu za mbao ya uso.

Akaligeuza akanionyesha kitu ambacho sikukitarajia. Chini ya daraja, kuzunguka ukingo wote, uso wa gitaa ulikuwa bado na vanishi, inang'aa. Kiwandani walikuwa wamekwangua katikati tu. Gundi haikuwa imeshika mbao pale pembeni, ilikuwa imeshika vanishi, na vanishi ikaachia. Ndiyo maana daraja lilianza kuinukia ukingoni. Basi la Nzega lilimalizia tu. Akachora mstari kwa ncha ya kisu kufuata umbo la daraja, akakwangua vanishi yote ndani ya mstari huo mpaka mbao nyeupe ikatokea, akakwangua na gundi kuukuu, maana gundi mpya juu ya gundi iliyokauka ni kujidanganya.

Kubana nako kulikuwa na ufundi wake. Jiriwa zake zote ni fupi, hazifiki darajani kupitia tundu. Alichukua bolti mbili ndefu nyembamba, akazipitisha kwenye matundu mawili ya vile vijiti vinavyobana nyuzi, la kwanza na la mwisho, ndani ameweka kibao cha mninga alichokichonga kukwepa mbavu, juu kibao kingine, akakaza kwa nati za masikio. Gundi iliyofurika akaifuta kwa kitambaa kibichi. Kichwani alitumia bomba la sindano la duka la dawa: akakipinda kichwa kidogo ili ufa uachame, akasukuma gundi mpaka ikachuruzika upande wa pili, akafunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, raundi kwa raundi, kwa kuvuta. Tyubu inabana sawasawa kila upande na haiachi alama. Kwa kuwa hapa Tabora baiskeli hazihesabiki, tyubu chakavu ni bure.

Gundi ya njano inahitaji kubanwa saa 24 kabla ya kufungwa nyuzi. Kwa fundi huyu ilibanwa kwa muda mrefu zaidi, lakini hiyo haikuwa hekima. Alikuwa amepata oda ya vitanda vya shule. Na hapa ndipo ninapoanza kumkata alama.

Ahadi zake ni za seremala. "Jumatano mama" haimaanishi Jumatano. Ukimpigia simu anapokea kwa heshima zote na kukuambia yuko kwenye msasa wa mwisho, ukifika unakuta gitaa liko juu ya kabati na tyubu yake shingoni. Kama una ibada kubwa au harusi, mpe tarehe ya uongo, ya mapema sana.

La pili ni ule mfupa wa juu, kipande kidogo chenye mifereji ambapo nyuzi zinatoka kichwani kuingia shingoni. Cha zamani kilikuwa cha plastiki na kilishamegeka. Yeye akachonga kipya kwa mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, aliouchemsha kutoa mafuta na kuuanika mpaka ukawa mweupe. Wazo zuri, mfupa ni mgumu na unapeleka mlio vizuri kuliko plastiki. Lakini mfereji wa uzi mwembamba aliupiga tupa ukazama mno. Uzi ukawa unagonga freti ya kwanza, zzzz, kila ukipigwa wazi, yaani bila kubonyezwa. Fundi akasema ni nyuzi mbovu. Mwalimu akabonyeza freti ya kwanza, mlio ukawa safi. Akaachia, zzzz ikarudi. Kama uzi ungekuwa mbovu ungelia vibaya kote. Wakatazamana. Fundi akachonga mfupa mwingine bila kuongeza hela na bila kununa sana.

La tatu, vanishi. Nyuma ya kichwa ufa unaonekana kama mstari mweusi, hilo halinisumbui. Ila juu yake alipaka vanishi ya vitanda, na kwa wiki za mwanzo mchana wa joto ilikuwa inanata gumbani. Sasa imekauka.

La nne linanihusu mimi zaidi kuliko gitaa: hana risiti. Nilipomdai akachana kipande cha msasa, akageuza upande wa karatasi, akaandika "nimepokea 55,000 gitaa" na kuweka sahihi. Kiko kwenye faili. Mkaguzi wa hesabu wa parokia alikipapasa pande zote mbili akacheka mpaka akavua miwani.

Kwa kazi yenyewe, namsifu. Daraja limekaa masika yote halijasogea hata unywele. Karatasi haiingii popote. Nyuzi kwenye freti ya 12 ziko milimita 3 kwa uzi mnene, na akina dada wanaojifunza hawalalamiki tena vidole. Ufa wa kichwa hauachami tena. Mwalimu amefunga nyuzi nyepesi zaidi, zinazoanzia namba 11 badala ya 12, ili kupunguza mvuto, na anasema sauti imepungua ukubwa kidogo lakini imekuwa laini. Mimi siisikii hiyo tofauti, naandika alichosema.

Kuhusu gitaa la pili, fundi alilichukua, akaligonga mara mbili tatu, akabonyeza pale palipovimba. Palilia. Tabaka za plaiwudi zilikuwa zimeachana. Akanionyesha mwanya unaopita wembe pale shingo inapoungana na boksi. Kulitengeneza, alisema, ni kung'oa shingo nzima, kuchonga upya pembe yake na kuirudisha, kwenye gitaa ambalo gundi yake ya kiwandani haiachii kwa mvuke vizuri, na bado uso ni wa kubadilisha. "Nitakula hela yenu mama, na litavimba tena." Hakututoza kitu kwa kulitazama. Kuna fundi mwingine, wa mtaa mwingine, aliyekuwa ameshatuambia atalirudisha kwa 80,000 kwa kupiga msumari kwenye shingo na kulikandamiza tumbo kwa tofali. Nilifikiria hata kulichukulia vikazio, nikaambiwa havifai, vya nailoni vina roli nene za plastiki na kichwa chake kimetobolewa tofauti. Sasa liko darasa la Jumapili, watoto wanajifunza majina ya nyuzi.

Nikiulizwa sasa, na huwa naulizwa na kwaya nyingine, kwanza namtuma mtu akaangalie kingo za tundu la gitaa lake kwa tochi. Mistari ya mbao ikiteremka moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya unene, uso ni wa mbao nzima, kama Yamaha FG800, na gitaa la hivyo linastahili kuhangaikiwa hata likiwa na ufa usoni, kwa sababu sauti yake huwezi kuinunua tena kwa bei ile. Ukiona tabaka, ni plaiwudi. Plaiwudi yenye daraja lililoinuka au kichwa chenye ufa mpya bado inalipa kutengenezwa, maana ni gundi na uvumilivu tu. Plaiwudi iliyovimba na kutoka shingo, acha. Na kama daraja lenyewe limepasuka vipande viwili, fundi anaweza kuchonga jipya: ana vipande vya mpingo vilivyobaki kwenye kazi za vinyago, na mpingo ni ukoo mmoja na ile mbao ya rozwudi ambayo madaraja mengi ya magitaa yanachongwa. Ni ule ule mpingo unaokwenda Ulaya kuwa klarineti. Kwa hiyo hilo lisikutishe.

Hewa yetu nayo itawasumbua. Mbao inapenda unyevu wa kama asilimia 45 hadi 55, na Tabora kati ya Agosti na mvua za kwanza za Novemba haupo. Sisi tumetoboa kisahani cha sabuni chenye kifuniko, ndani sponji iliyokamuliwa vizuri isidondoshe maji, kinakaa kwenye mfuko pamoja na gitaa. Gitaa limeondoka ukutani, haliegemei tena chini ya bati. Watu wa Kigoma mnaopiga kando ya ziwa hamtaelewa haya mpaka mje huku na gitaa lenu kwenye kongamano. Likianza kukwaruza vidole siku ya tatu msidhani limerogwa. Na safarini gitaa letu sasa linakaa mapajani kwa mtu, hata kama kondakta ananung'unika.

Jumla tulitumia 55,000 za kazi, 18,000 za gundi na 12,000 za nyuzi, yaani 85,000, na vitambaa vya sare vilipatikana. Nampa fundi nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya Jumatano zake.

Ukitaka kumpata, nenda Ipuli uulize fundi wa vitanda anayetengeneza magitaa, utaonyeshwa. Nenda asubuhi kabla jua halijakaza, akishaanza randa hasikii mtu. Ijumaa mchana amefunga. Lipeleke gitaa likiwa limelegezwa nyuzi, bila supa glu, na gundi yako ya njano mkononi. Mpe nusu ya hela, nusu ibaki mpaka ulipige mwenyewe kila uzi wazi na kila uzi kwenye freti ya 12. Na daftari la risiti beba la kwako.